Makufuli Mawili, Droo Mbili

Mama Elise Mbayo hakuzaliwa bubu, na hakuna mtu Kolwezi aliyewahi kumshuku hivyo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la wafanyakazi linapopita mtaa wa Manika kuchukua watu, dereva huisikia sauti yake kabla hajaiona kofia yake ya kazi. Akishapanda, usingizi wa watu umekwisha. Atamuuliza huyu habari za mtoto mwenye homa, atamgombeza yule kwa viatu visivyofungwa kamba, kisha atasimulia jinsi mvua ya jana ilivyopita tena chini ya mlango wake ikalowesha gunia la unga. Basi linafika kwenye geti la kiwanda, barabara ya Mutoshi, na yeye bado hajamaliza. Mumewe, Omer, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na majirani hutania kwamba darasani ndiko pekee anakopata nafasi ya kufika mwisho wa sentensi.

Lakini kwa kazi, acha kabisa! Elise ni fundi wa umeme, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na katika miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye ripoti ya ajali hata moja. Kiwanda chao kinasaga mawe ya shaba na kobalti mpaka yawe uji mzito, na uji huo unasukumwa na pampu kutoka tangi moja hadi jingine. Pampu zikisimama, kila kitu kinasimama. Elise akiweka kiganja juu ya mota anakuambia ina ugonjwa gani, na mara nyingi anakuambia na mambo mengine ambayo hukumuuliza.

Maneno yake yana sababu, tusimwonee. Kazi alifundishwa na fundi mmoja aliyeitwa Muamba, Mungu amrehemu, mtu hodari na bahili wa maneno. Muamba akifika penye siri ya kazi alikuwa anageuka, anampa Elise mgongo, anaunganisha nyaya zake, kisha anafunga kifuniko. Ukimuuliza alikujibu, "Uko na macho." Macho ya kuona mgongo! Mwaka mzima Elise aliujua mgongo ule kuliko alivyoijua kazi. Mengi alijifundisha mwenyewe baadaye, kwa kuungua vidole na kulia chooni. Ndipo alipojiapiza kwamba siku akipewa mtu wa kumfundisha, atamwambia kila kitu, asimfiche hata msumari.

Siku hiyo ilifika mwezi wa pili. Stany, mkuu wa karakana ya umeme, alimletea msichana mwembamba mwenye kitambaa cha kichwa chini ya kofia ngumu. Jina lake Bilkisi, miaka ishirini na mitatu, diploma ya umeme mkononi. Baba yake ni Hassani wa mtaa wa Kasulo, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mwenye duka la unga na malori mawili yanayopeleka mafuta na sabuni Kasaji na kurudi na mahindi. Hassani hakuipenda sana habari hii ya nyaya. Alikuwa amemwambia binti yake wazi: kiwanda kimekupa miezi mitatu ya majaribio, basi na mimi ninakupa hiyo mitatu. Wakikupa mkataba, sawa. Wakikukataa, unarudi kukaa dukani, na mambo haya tusiyasikie tena. Bilkisi alikubali, kwa sababu hakuwa na la kuchagua, na kwa sababu alikuwa anaipenda kazi hii tangu alipokuwa mdogo akifungua redio za watu.

Basi Elise akaanza kumfundisha, yaani akaanza kusema. Alisema wakipanda ngazi, alisema wakishuka, alisema akiwa na bisibisi mdomoni. Alieleza waya wa njano na historia yake. Bilkisi akishika koleo vibaya, Elise alilichukua mkononi mwake, akamwonyesha, na kwa kuwa ameshalishika akaimalizia kazi yenyewe. Kila asubuhi alichukua makufuli yao yote mawili ya kazi na kuyasaini mwenyewe kwenye daftari la makufuli, amrahisishie mtoto. Na kwa kila jambo Bilkisi aliitika, "Ndiyo, mama." Elise alifurahi mno. Nyumbani alimwambia Omer kwamba amepata mtoto wa akili, anashika haraka, hahitaji kurudiwa.

Stany hakuwa na uhakika huo.

"Mama Elise, ule mutoto anajua kusema?"

"Anajua, chef. Anasikiliza, njo maana."

"Mi sijamusikia kuuliza kintu hata siku moja. Mutu mwenye haulizake, ninamuogopa."

"Anaelewa! Kila kitu anaitika!"

"Kuitika, hata simu inaitika," Stany akasema, akaenda zake. Elise alikasirika siku nzima, na hasira yake aliieleza kwa watu wengi.

Sasa, yafaa ujue jambo la makufuli, maana ndilo lililowaponza. Fundi wa pale hagusi mashine kabla hajaizima umeme. Anakwenda kwenye chumba cha umeme, ambamo kila mashine ina droo yake ndani ya makabati makubwa ya chuma. Anavuta mkono wa droo, umeme unakatika, na anaufunga mkono ule kwa kufuli jekundu ambalo wenyewe huliita kadena. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Mkiwa wawili, makufuli mawili, droo moja. Hata mkurugenzi aje na wageni wake wote, kufuli lako hafungui mtu mwingine. Halafu kuna hatua ya mwisho: unaita kwa redio chumba cha waendeshaji, unamwomba mwendeshaji ajaribu kuwasha mashine. Ikikaa kimya, hapo ndipo mkono unaingia. Hatua hii inachosha, na wenye haraka huiruka.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya kumi na moja. Mstari mzima wa mashine ulikuwa umesimamishwa tangu asubuhi kwa usafi, na pampu mbili kubwa za uji, ya kwanza na ya pili, zilikuwa kimya. Karatasi ya kazi ilisema pampu ya pili: sanduku la nyaya kwenye mota yake lilikuwa linapata moto, lifunguliwe litazamwe. Mvua ilikuwa imejikusanya upande wa Mutoshi, na pampu zile ziko nje.

Wakaingia chumba cha umeme, Elise mbele, anasimulia. Na alikuwa anasimulia nini? Habari ya fundi mmoja aliyeungua mikono yote miwili kwa kufanya kazi bila kutazama! Mkono wake wenyewe ukaenda kwenye droo, ukavuta, ukatundika kufuli, ka!, huku mdomo uko bado kwenye hospitali na yule aliyeungua. Akamkabidhi Bilkisi kufuli la pili.

"Weka yako, unifuate mbio, mvua inakuja," akasema, akatoka.

Kwenye pampu alifungua sanduku, akapima kwa kifaa chake: sifuri, hakuna umeme. Sawa. Redio ilikuwa kiunoni, lakini mstari mzima umelala, wa nini kumsumbua Jeancy, yule kijana mwendeshaji? Bilkisi alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo. Elise akampa kifuniko cha sanduku akishike.

Ndani waliona ncha moja ya waya imeungua, nyeusi. Elise akaikata, akaweka mpya, akaanza kukaza nati kwa vidole, vidole vyote vitano ndani ya sanduku, akieleza kwa nini nati huanzwa kwa vidole na si kwa spana. Alikuwa hapo hapo redio ilipolia.

"Mama Elise! Mama Elise!" Ni Jeancy. "Usafi umekwisha, tunataka kuwasha na pompi ya kwanza. Inakataa! Banasema iko na kadena!"

Kabla Elise hajajibu, sauti ya Stany ikaingia. "Nani amefunga pompi ya kwanza? Kazi iko kwa ya pili!"

Elise akabonyeza kitufe. Hakufikiri hata kidogo. Neno lilitoka kama anavyotoa maneno yake yote.

"Ni mutoto, chef. Amekosea tiroir, amefunga droo ingine. Ninaenda kumurekebisha."

Kiwanda kizima kikasikia, maana redio zile husikika na kila mwenye nayo. Bilkisi alikuwa bado ameshika kifuniko.

Njiani Elise alimgombeza hadi mlangoni mwa chumba cha umeme. Si nilikuambia kadena yako ikae pembeni ya yangu? Si nilikuambia? Unaitika ndiyo mama, ndiyo mama, kumbe akili iko Kasulo! Wakaingia. Kufuli moja lilikuwa kwenye droo ya pampu ya kwanza, kushoto. Jingine kwenye droo ya pampu ya pili, kulia.

"Leta ufunguo."

Bilkisi akampa ufunguo wake. Elise akauingiza kwenye kufuli la kushoto. Haukugeuka. Akautoa, akaupuliza, akaurudisha kwa nguvu. Wapi! Akasimama kidogo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, taratibu, akatoa ufunguo wake mwenyewe. Ukageuka mara moja.

Kwenye chumba cha zamani, alikofanya kazi miaka kumi na mitano, droo ya pampu ya pili ilikuwa kushoto. Chumba hiki kilijengwa mwaka jana, na makabati yamepangwa kinyume. Namba zimeandikwa, kubwa, nyeupe, mtoto wa shule anazisoma. Lakini mtu lazima azitazame.

Jeancy akaingia mbio, jasho linamtoka. "Pole, mama. Nilichanganyikiwa kabisa. Karatasi inasema pompi moja tu njo iko na kadena. Ya kwanza ikakataa, nikasema, ah, kumbe banatengeneza ile. Nikabonyeza ya pili. Nayo ikakataa!"

"Ulibonyeza ya pili," Elise akasema. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Mbele ya kukuita."

Kabla ya kumwita. Vidole vitano ndani ya sanduku. Kifaa chake kingesema sifuri hata kama umeme haukukatwa, kwa sababu pampu ilikuwa imepumzika, na jambo hilo yeye mwenyewe alikuwa amemweleza Bilkisi mara tatu. Elise aliogopa. Akakaa juu ya gurudumu la kebo lililokuwa pale, akaitazama mikono yake. Jeancy akaondoka kwenda kuwasha pampu ya kwanza, bila kujua alichokisema.

Walipobaki wawili, Elise akauliza kwa sauti ndogo, "Uliona mi ninakosea?"

"Ndiyo, mama."

"Ukatoka ukaenda kuweka yako kwa ile ya kweli."

"Ndiyo, mama."

"Ee Mungu wangu! Juu ya nini haukusema, Bilkisi?"

Bilkisi alitazama chini. Alichukua muda, na kwa mara ya kwanza Elise alingoja.

"Mulikuwa munasema, mama."

Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkata, akaendelea. "Na kwetu hatumuambiake mukubwa kama amekosea. Tata, baba yangu, akifunga kamba ya lori mubaya, mi ninangoja apite. Akishapita, ninafungua, ninafunga tena muzuri. Hajue. Na mahindi hayaangukake."

Redio ikalia kiunoni mwake, ni Stany. "Mama Elise, tumepoteza dakika makumi ine, arobaini nzima. Huyo mutoto ninamuandikia ripoti. Ijumaa tunafunga essai yake, ile ya miezi tatu, tumumalize."

Elise akaweka kidole juu ya kitufe. Bilkisi alikuwa anamtazama sasa, moja kwa moja, bila kuomba chochote. Kidole kilikaa pale. Mama Elise Mbayo, ambaye hajawahi kukosa neno tangu akiwa na miaka miwili, alibonyeza akasema, "Nimesikia, chef." Basi. Akairudisha redio kiunoni, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Jumatano asubuhi dereva wa basi alisimama Manika akashangaa. Elise alipanda, akaamkia watu mwayuka mara moja, akakaa dirishani. Watu walimuuliza kama ana malaria. Alhamisi vilevile. Alikuwa anapiga hesabu ya mambo mawili, na kila akiyapiga yalikuja yaleyale. Akisema ukweli, watamnyang'anya kibali cha kugusa umeme, miaka ishirini na miwili ya jina safi inakwisha, na wale mafundi waliosema zamani kwamba mwanamke hawezi kazi hii watakula bukari, ugali wao, kwa furaha. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Daftari lina saini yake kwa makufuli yote mawili, haisemi lipi la nani. Bilkisi hatasema. Atakubali lawama, ataitika ndiyo, atarudi dukani kwa Hassani kupima unga, na Elise atabaki na vidole vyake vyote.

Alhamisi jioni walikuwa wanakula, yeye na Omer, bukari na sombe ya majani ya muhogo. Elise akasema, "Omer, mi ninasemaka sana?"

Omer akaitazama sahani yake kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambao hakuusomea. "Juu ya nini unauliza?"

"Jibu tu."

"Ule mulango wetu," Omer akasema polepole. "Mvua inapita chini. Mi ninajua dawa yake, kizingiti kinakosa tofali moja tu upande wa barabara. Nilitaka kukuambia."

"Tangu lini?"

"Ni mwaka wa sita sasa. Kila nikianza, unaanza kunielezea habari ya mvua."

Elise alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia hakucheka tena. Akamweleza mumewe yote, droo, kufuli, redio. Omer hakumpa shauri lolote. Aliuliza tu, "Na ule mutoto, baba yake anajua kama alikuokoa?" Elise akatikisa kichwa, akaondoa vyombo.

Ijumaa saa tatu walikaa ofisini kwa Stany. Ripoti ilikuwa mezani, na fomu ya majaribio pembeni yake, mahali pa saini peupe. Bilkisi alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Stany akaanza kusoma: siku ya Jumanne, mwanafunzi alifunga droo isiyo yake...

"Chef, mungoje," Elise akasema. "Kadena ya pompi ya kwanza ilikuwa yangu."

Stany akainua macho.

"Ni mi niliweka, bila kutazama. Ya mutoto njo ilikuwa mahali pake. Sikuomba Jeancy ajaribu kuwasha. Kwenye daftari nilisaini zote mbili mi mwenyewe, kila siku, tangu alipofika. Na kwenye redio nilimusingizia. Jeancy alibonyeza pompi ya pili wakati mukono wangu ulikuwa ndani. Kama si kadena ya huyu, mungekuwa munachangisha matanga."

Pengine hajawahi kusema maneno machache hivyo kuhusu jambo kubwa hivyo. Stany akaiweka ripoti chini. Akamgeukia Bilkisi.

"Na wewe uliona?"

"Ndiyo, tata."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, tata."

Hapo Stany alipasuka. Alipiga meza, kalamu zikaruka. "Mumoja hatazamake, mwingine hasemake! Nikiwaacha pamoja mutaniulia watu! Jumanne ulikuwa na bahati, mutoto. Ungechelewa na kadena yako dakika moja? Jeancy angekuwa mbele yako? Ungemulilia mama yako hapa kwa heshima?" Stany akashusha sauti, akaandika huku anasema. Kibali cha Mama Elise kimeondolewa miezi miwili, hagusi hata swichi ya taa. Bilkisi ameongezwa wiki sita. Zikiisha, Stany atampima mwenyewe, na hapo ni mkataba au nyumbani. "Na nitamupa fundi mwingine."

"Muniachie," Elise akasema.

"Utamufundisha nini bila kibali? Huruhusiwi kushika kintu!"

"Njo vile, chef. Yeye atashika. Mi nitatazama."

Stany aliwatazama wote wawili, akachoka nao. "Wiki sita," akasema.

Wiki zile zilikuwa ngumu kwa Elise kuliko zote alizowahi kufanya kazi. Jaribu wewe, fundi wa miaka ishirini na miwili, kusimama mikono mfukoni ukimtazama mtu anakaza skrubu polepole, upande usioupenda wewe. Alinunua pakiti ya peremende ngumu sokoni Manika, na kila ulimi ulipomwasha alijitia moja mdomoni. Pakiti ya kwanza iliisha kabla ya saa nne. Bilkisi alisaini kufuli lake mwenyewe. Bilkisi alishika redio. Akikosea jambo lisilo na hatari, Elise alimwacha akosee, amalize, aone mwenyewe, afungue tena. Jioni ndipo walipokaa kwenye benchi la karakana, na kanuni ilikuwa moja: Bilkisi anasema kwanza.

Kulikuwa na somo jingine, gumu zaidi. Mara mbili au tatu kwa siku, Elise alikuwa anamwambia jambo la uongo kwa makusudi. Siku ya kwanza alimwonyesha droo ya mashine nyingine kabisa. "Funga hii."

Bilkisi aliitazama namba. Akamtazama Elise. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Mama, labda tungetazama kidogo..."

"Hakuna labda. Sema hapana."

"Siwezi, mama. Muko mukubwa."

"Siku ile, ungeniambia hapana, ningekasirika dakika mbili. Ukanyamaza, ningekufa. Unapenda nini?"

"Nisiwakasirishe, mama," Bilkisi akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga. Elise akatia peremende mdomoni, akangoja. Siku ile neno halikutoka. Lilitoka wiki ya pili, kwa sauti ya mtu anayesali. Wiki ya nne lilitoka vizuri, na baada ya kulitoa Bilkisi aliomba msamaha. Elise alimwambia msamaha aupeleke kwao.

Mwisho wa wiki ya sita kiangazi kilikuwa kimeshafika, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Stany alikuja kumpima. Kazi ilikuwa mota ya mkanda unaopandisha mawe, na Stany alikuwa na haraka, kwani mkutano wa wakuu ulikuwa unaanza baada ya nusu saa na simu yake haikutulia. Elise alisimama hatua nne nyuma, kama alivyoamriwa, marufuku kufungua mdomo.

Bilkisi alisoma karatasi. Alikwenda chumba cha umeme, akatazama namba, akavuta, akafunga, akasaini. Stany akamfuata, akaandika. Wakarudi kwenye mota. Akapima: sifuri.

"Muzuri," Stany akasema, macho yake yako kwenye simu. "Fungua sanduku, tumalize."

Jeancy alikuwa hajaitwa. Hakuna aliyejaribu kuwasha. Mpaka leo Stany huapa kwamba ulikuwa mtego, na Elise huapa kwamba ilikuwa haraka tu, na jambo hilo halitajulikana. Bilkisi alikuwa ameshika bisibisi. Mbele yake alisimama mkuu wa karakana, mtu mzima, tata, mwenye fomu mkononi, na fomu ile ndiyo kazi yenyewe. Ameambiwa afungue. Mikono yake ilisimama. Peremende ilipasuka katikati ya meno ya Elise.

"Hapana, tata," Bilkisi akasema.

Stany akaondoa macho kwenye simu. "Nini?"

"Hapana. Jeancy hajajaribu kuwasha." Sauti yake ilisikika hata juu ya kelele za kinu. "Na nyinyi musikaribie mukanda, tata. Murudi nyuma, pale kwa mama."

Stany akarudi nyuma. Alisimama kando ya Elise, na wote wawili wakangoja huku Bilkisi akiita kwenye redio, akingoja, akiita tena. Jeancy akabonyeza. Mkanda haukutikisika. Bilkisi akashukuru kwenye redio, akapiga goti, akaanza kufungua skrubu ya kwanza.

Stany alimtazama kwa muda. Kisha akamwinamia Elise. "Mama Elise, ulimufundisha aje huyu?"

Elise alikuwa na jibu. Alikuwa na wiki sita za maneno zimejaa kifuani, kuanzia mgongo wa Muamba hadi kamba ya lori, na peremende ilikuwa imeisha. Akavuta pumzi. Akamtazama msichana mwenye mikono ndani ya sanduku, vidole vyote kumi.

"Mumuulize yeye," akasema.

Stany akamuuliza. Bilkisi, bila kuinua kichwa, akaanza kueleza. Alieleza kwa nini sifuri ya mashine iliyolala haitoshi, kwa nini nati huanzwa kwa vidole, kwa nini makabati ya chumba kipya yapakwe rangi tofauti, na kwamba alikuwa na mambo mengine matatu aliyotaka kuyasema tangu mwezi wa pili. Stany alisaini fomu akiwa amesimama, akiegemea nguzo ya mkanda, na alipoitazama saa, mkutano wake ulikuwa umeanza na Bilkisi bado hajamaliza.